Mtambo wa kahawa ukikataa kuwaka, usiushurutishe

Na MWANDISHI WETU

HEBU fikiria hivi, msomaji. Ni Jumamosi asubuhi. Buni imekwisha kupimwa na iko tayari kwenye karai. Mteja amepiga simu mara mbili akiulizia kilo zake tano. Unabonyeza kitufe cha kuwasha mtambo wa kukaangia kahawa. Feni inavuma, cheche zinalia tiki-tiki-tiki, kisha kimya. Taa nyekundu inawaka. Moto haukuja.

Unabonyeza tena, taa nyekundu. Mara ya tatu, taa ni ile ile.

Hapo wengi hushikwa na hasira. Mmoja ataupiga mtambo kofi. Mwingine atatafuta kiberiti. Wa tatu atamwita kijana wa jirani anayesifika kwa kujua mambo ya stima, ambaye kwa dakika kumi atakata waya mbili na kuziunganisha, na mtambo utawaka. Kila mtu atafurahi na kijana atalipwa.

Huyo wa tatu ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, na makala haya yameandikwa hasa kwa ajili yake.

Jambo la kwanza unalopaswa kufahamu ni kwamba kichomeo cha gesi kilichokataa kuwaka mara nyingi hakijaharibika. Kimekataa kwa sababu kimeona dosari mahali fulani, na kimetengenezwa ili kikiona dosari kifunge gesi. Kazi yako ni kuitafuta dosari hiyo. Kulazimisha moto uje kabla ya kuipata ni sawa na kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele usiku.

Kwa nini jambo hili linakuhusu

Kahawa imekuwa humu nchini tangu 1893, wamishonari Wakatoliki kutoka Ufaransa walipoipanda Bura, katika milima ya Taita. Kwa zaidi ya karne moja, sehemu kubwa ya zao hili imekuwa ikitoka Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu na kwingineko hadi mnadani Nairobi, kisha kuvuka bahari ikiwa bado mbichi. Kazi ya kuikaanga, pamoja na faida yake, imekuwa ikibaki kwa wanunuzi wa ng'ambo.

Siku hizi wapo vijana walioamua kukaanga wenyewe. Hununua mtambo mdogo wa kukaanga kilo moja, tatu au tano kwa wakati mmoja, wakatafuta chumba, mtungi wa gesi na mifuko ya kufungia. Nyuma ya kijana kama huyo mara nyingi kuna mzazi aliyetoa akiba yake au mkopo wa chama. Mtambo usipowaka, ni akiba hiyo inayokwama. Ukilipuka, hasara haihesabiki kwa shilingi.

Tena hata kama huna haja na biashara ya kahawa, jikoni mwako huenda mna jiko la gesi. Sehemu zake nyingi ni zile zile, na mengi utakayosoma hapa yatakufaa huko pia.

Huko Pwani, kahawa imekaangwa miaka mingi kwenye kikaango juu ya makaa, na mkaangaji huuona moto kwa macho yake. Katika mtambo wa gesi moto umefichwa ndani ya chuma. Ndiyo maana mtambo umepewa macho, masikio na pua za kwake. Hebu tuanze na pua yako wewe.

Kabla ya spana, pua

Usiguse chochote kabla ya kunusa. Nusa karibu na mtambo, kisha uiname unuse karibu na sakafu.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na butani karibu mara mbili. Kwa hivyo gesi ikivuja haipandi kama moshi. Hutambaa sakafuni kama maji, ikaingia chini ya meza, kwenye shimo la maji taka au kwenye ngazi zinazoshuka orofa ya chini. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo unaoujua ni wa kemikali inayotiwa kwa makusudi ili uitambue.

Haihitajiki gesi nyingi. Ikifika sehemu 2 hivi katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuiwasha.

Ukisikia harufu, funga vali ya mtungi ikiwa unaweza kuifikia bila hatari. Fungua milango na madirisha. Watoe watu nje. Usiguse swichi yoyote, wala ya kuwasha wala ya kuzima, kwani zote mbili hutoa cheche. Hata simu itumie ukiwa nje, mbali na nyumba. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Wakazi wa Nairobi hawahitaji kukumbushwa sana. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi mtaani Embakasi uliwaua watu, ukawajeruhi wengine zaidi ya 200, na kuteketeza makazi, maghala na magari. Mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa. Gesi ya kituo si sawa na ya mtungi wako mmoja, lakini tabia yake ni ile ile.

Kama hakuna harufu, basi unaweza kuanza uchunguzi. Na kama kuna kahawa ndani ya pipa la mtambo, itoe kwanza. Uchunguzi hufanywa pipa likiwa tupu.

Imekwama hatua gani?

Mtambo wa kisasa hauwaki kwa mkupuo mmoja. Hufuata hatua, na kila hatua husubiri iliyotangulia.

Hatua ya kwanza, feni huanza kuvuma na pipa huanza kuzunguka. Ya pili, swichi ndogo ya hewa hupima kama kweli hewa inapita. Ya tatu, mtambo husubiri sekunde kadhaa ili feni itoe gesi yoyote iliyobaki ndani. Ya nne, cheche hulia na papo hapo vali inayoendeshwa kwa stima hufunguka, ikitoa sauti kama "tak", gesi ikaingia. Ya tano, sensa hutazama kama moto umekuja. Sekunde chache zikipita bila moto kuonekana, vali hufungwa, taa nyekundu huwaka na mtambo hujifunga.

Kwa hivyo, badala ya kuuliza kwa nini mtambo hauwaki, jiulize umekwama hatua gani. Simama kimya usikilize. Je, feni imevuma? Je, cheche zimelia? Je, umesikia ile "tak" ya vali? Je, moto ulionekana kidogo kisha ukazima? Kila jibu litakupeleka mahali pake, na huenda likakuokoa na gharama ya kununua kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Kati ya jaribio moja na lingine, acha feni ivume dakika tano. Majaribio matatu yakishindwa, funga gesi. La nne halina maana kabla ya kujua tatizo.

Mtungi na regulata

Cheche zinalia, vali inafunguka, lakini moto haupo hata kidogo. Anzia kwenye mtungi.

Mwenye biashara ya kahawa hakosi mizani, basi itumie. Shingoni mwa mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Tuseme pameandikwa kilo 14.2, na mizani inasoma kilo 16. Gesi iliyobaki ni kilo 1.8. Kichomeo cha kilowati 10 hula karibu robo tatu ya kilo kwa saa kikiwaka kwa nguvu zake zote. Kwa hivyo una saa mbili na ushei, hakuna zaidi. Mizani hiyo hiyo itakuambia pia kama muuzaji alikupa kilo 13 ulizolipia.

Ukikuta gesi ipo, tazama regulata, kile kifaa kinachopunguza presha ya mtungi. Je, imekaa sawasawa kwenye vali na kufungika? Ikikaa upande, gesi haitoki. Regulata nyingine zina kinga ambayo hujifunga ukifungua gesi kwa kishindo, kwa sababu hudhani paipu imekatika. Funga, subiri kidogo, kisha fungua polepole.

Tazama pia kama paipu ya mpira imejipinda, imebanwa na mguu wa meza au ina nyufa. Kama umebadilisha mtungi hivi sasa, ndani ya paipu kuna hewa, na huenda jaribio la kwanza likashindwa kwa sababu hiyo tu.

Kuvuja hupimwa kwa maji ya sabuni. Paka kwenye viungo vyote gesi ikiwa imefunguliwa na moto umezimwa. Mapovu yakifura, hapo panavuja. Wapo wanaopima kwa kiberiti. Hao tuwaombee dua, lakini tusiwaige.

Kuna hali nyingine inayowatatiza wengi. Mtambo unawaka vizuri asubuhi, lakini kufikia mkaango wa tatu moto unadhoofika na kuzima, ilhali mtungi haujaisha. Ushike: utakuta umepoa kama barafu na kutokwa na jasho. Gesi ndani ya mtungi ni majimaji yanayogeuka kuwa mvuke, na kadiri unavyoyavuta kwa haraka ndivyo yanavyopoa na kushindwa kutoa mvuke wa kutosha. Butani huacha kutoa mvuke wa kutosha joto likishuka karibu na nyuzi 0, ingawa propani huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sufuri. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi, au mitungi miwili iliyounganishwa na fundi. Kamwe usiuweke mtungi juu ya jiko au kuumwagia maji yanayochemka ili kuupasha joto.

Feni na makapi

Kama feni inavuma lakini cheche hazilii kabisa, huenda mtambo umekwama katika hatua ya pili. Swichi ya hewa haijaridhika.

Buni inapokaangwa huambua makapi membamba na mepesi kama karatasi. Feni huyavuta na kuyapeleka kwenye chombo chake, lakini mengine hunasa njiani. Pamoja nayo kuna moshi wenye mafuta, ambao hukauka na kuganda kwenye mapanga ya feni na kwenye dohani. Njia ya hewa huziba kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja swichi inasema basi.

Mwagua chombo cha makapi kila siku ya kazi. Chomoa stima, kisha safisha mapanga ya feni, dohani na kile kipaipu chembamba kinachopeleka hewa kwenye swichi. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo. Isitoshe, makapi yaliyorundikana hushika moto upesi, na moto wa dohani umekwisha kuunguza biashara nyingi za kukaanga kahawa ulimwenguni.

Mwinuko wa jiji letu nao una lake la kusema. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, feni ile ile huisukuma swichi kwa nguvu kidogo. Ndiyo sababu mtambo uliopimwa na kupasishwa katika kiwanda kilicho karibu na bahari unaweza kufika Nairobi, au Nyeri, ukakataa kuwaka ukiwa mpya kabisa. Muulize aliyekuuzia jinsi ya kuurekebisha kwa mwinuko huu.

Cheche

Sasa tuseme feni ni safi, gesi ipo na "tak" ya vali umeisikia. Huenda cheche ndizo zenye kasoro.

Cheche huruka kati ya kijiti cha chuma na kichomeo. Nafasi kati yao ni ndogo, mara nyingi milimita 3 au 4, na kitabu cha mtambo wako kitakuambia kipimo chake hasa. Kijiti kikipindwa wakati wa kusafisha, cheche hushindwa kuruka. Kauri nyeupe inayokizunguka ikipasuka, cheche hupita kwenye ufa na kuruka mahali pasipo na gesi. Utazisikia zikilia, lakini haziwashi kitu. Unyevu pia huleta kasoro hii, hasa ukiwasha mtambo mara tu baada ya kupiga deki kwa maji mengi.

Chomoa stima na ufunge gesi kabla ya kugusa kijiti hicho. Kisafishe kwa kitambaa kikavu, tazama waya wake kama umelegea, na uache.

Wenye majiko ya nyumbani watakuwa wameona jambo hili hili. Chai ikimwagika juu ya jiko, cheche hulia lakini moto hauji. Kausha, futa, ujaribu tena.

Unawaka, kisha unazima

Hii ndiyo hali inayowakasirisha wenye mitambo kuliko zote. Moto umeonekana, umeshangilia, na baada ya sekunde chache umezima.

Katika mitambo midogo yenye kitufe cha kushikilia, mlinzi ni kijiti cha shaba kiitwacho themokapo. Ncha yake hukaa ndani ya moto mdogo. Joto hilo huzalisha stima kidogo sana, sehemu ndogo ya volti moja, na stima hiyo ndiyo inayoshikilia vali ya gesi isijifunge. Kanuni hii iligunduliwa na mwanasayansi Thomas Johann Seebeck mnamo 1821, na haihitaji betri wala plagi. Moto ukizima, ncha hupoa, stima hukatika na gesi hufungwa.

Ukiachilia kitufe mapema, ncha inakuwa haijapata joto. Kishikilie sekunde 20 hadi 30. Kama bado moto unazima, tazama kama ncha imefunikwa na masizi, kama iko nje ya moto au kama nati yake upande wa vali imelegea. Mambo hayo matatu yakiwa sawa, badilisha themokapo. Si kifaa cha bei kubwa.

Mitambo yenye taa nyekundu hutumia njia nyingine. Kijiti cha sensa huingizwa ndani ya moto, na kwa kuwa moto hupitisha stima kidogo, mtambo hupima mkondo huo kujua kwamba moto upo. Mkondo wenyewe ni mdogo mno, hivi kwamba utando mwembamba wa masizi au vumbi lililoungua juu ya kijiti unaweza kuuzuia. Moto upo, wewe unauona, lakini mtambo hauuoni. Usugue taratibu kwa pamba ya chuma iliyo laini mpaka ung'ae.

Ukiwa umesafisha na tatizo lipo, geukia stima ya chumba. Njia hii ya kuona moto hutegemea waya wa ardhini uliounganishwa vizuri. Mitambo mingine pia haikubali waya mbili za stima zikibadilishana nafasi kwenye plagi. Vile vile, stima ikipotea ukawasha jenereta ndogo, mtambo unaweza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ingawa hauna ubovu wowote. Kwa kazi hii mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Moto wa njano

Huenda mtambo ukawaka, lakini moto ukawa mlegevu, wa njano, wenye kuacha masizi. Usiridhike.

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Wa njano unamaanisha kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Huenda buibui amejenga, au vumbi la kahawa limeziba, mahali ambapo hewa huingilia. Huenda pia kitundu cha kutolea gesi, ambacho mafundi hukiita jeti, si cha gesi ya mitungi. Mitambo mingi inayotengenezwa Ulaya na Marekani huwekewa jeti kubwa za gesi asilia inayopita kwenye mabomba ya mijini, na gesi hiyo sisi hatuna majumbani. Kabla ya kununua mtambo, hasa uliotumika, soma kibati chake: kinaeleza aina ya gesi, presha na nguvu zake.

Jeti iliyoziba husafishwa kwa kupulizwa. Usiichokoe kwa sindano wala waya. Shaba yake ni laini na kitundu kikipanuka hata kidogo, moto wote hubadilika.

Zaidi ya kuharibu kahawa kwa harufu ya moshi, moto wa njano huzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu chumbani wakidhani wanasinzia tu. Ukiumwa na kichwa na kuhisi kizunguzungu kila unapokaanga, zima mtambo, toka nje upate hewa safi, na usiuwashe tena kabla fundi hajaukagua.

Waya ile moja

Sasa turejee kwa yule kijana wa jirani.

Alichofanya ni kuunganisha waya mbili za swichi ya hewa, ili mtambo udhani kwamba hewa inapita wakati wote. Wengine hufanya hivyo kwenye sensa ya joto kali. Wengine huweka kijiti cha mbao kushikilia kitufe cha themokapo kisirudi. Mtambo huwaka, na huenda ukawaka hivyo mwezi mzima bila neno.

Kisha siku moja dohani inaziba kabisa, au feni inakwama. Moto unazima kwa kukosa hewa na hakuna wa kufunga gesi. Inajaa ndani ya mtambo na kumwagika sakafuni huku wewe ukimhudumia mteja mlangoni. Unaporudi na kubonyeza kitufe, cheche inaikuta gesi inayoingoja.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya gesi, huenda usibaki wa kuujenga.

Kwa hivyo ukinunua mtambo uliotumika, fungua kifuniko ukiwa na fundi, mtazame waya za swichi hizo. Ukiona zimeunganishwa pamoja, jua kwamba mwenyewe alishindwa kupata tatizo na anakuuzia wewe. Na ukienda kwa fundi wa jua kali akuundie mtambo wako mwenyewe, usikubali autengeneze bila kinga ya kufunga gesi moto ukizima. Pipa na fremu ataziunda vizuri, lakini vali na kinga zake nunua mpya, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Moto ukizima kahawa ikiwa ndani

Hapa ndipo tamaa huwashinda wengi, kwani kilo tano za buni nzuri si pesa kidogo. Funga gesi kwanza. Acha feni na pipa viendelee kuzunguka. Kahawa imwage kwenye sinia ya kupoza, hata kama haijaiva, kwani ikibaki ndani ya chuma chenye joto la karibu nyuzi 200 bila kuzungushwa huungua na inaweza kushika moto. Stima ikiwa imepotea na pipa limesimama, litoe zao kwa mkono kama kitabu cha mtambo kinavyoelekeza.

Kahawa ya mkaango huo haitauzika kama ya daraja la kwanza. Iwe ni ya kunywa wafanyakazi wako. Usijaribu kuuwasha moto haraka ili kuiokoa.

Kata ubandike ukutani

1. Nusa kwanza, juu na sakafuni.

2. Toa kahawa ndani ya pipa.

3. Sikiliza: feni, cheche, "tak" ya vali, moto. Imekwama wapi?

4. Pima mtungi kwa mizani, kagua regulata na paipu, tafuta mvujo kwa maji ya sabuni.

5. Safisha njia ya hewa, kijiti cha cheche na kijiti cha sensa, stima ikiwa imechomolewa na gesi imefungwa.

6. Majaribio matatu, dakika tano kati yao. Kisha funga gesi uite fundi.

7. Usiunganishe waya za kinga. Usimruhusu mtu yeyote kuziunganisha.

Pamoja na karatasi hiyo, weka daftari dogo kando ya mtambo. Andika tarehe ya kila mtungi mpya, kila usafi na kila mara taa nyekundu ilipowaka, pamoja na sababu uliyoipata. Baada ya miezi michache utaanza kuuelewa mtambo wako, na fundi akija hatakutoza saa mbili za kubahatisha.

Watu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Kwa mtambo wa gesi kinga ipo, na iliwekwa kiwandani kabla wewe hujaununua. Iache ifanye kazi yake, hata siku ambayo mteja anangoja.